Kuhusu makopo ya shemeji

Sinza, Dar es Salaam

Mpenzi Zuhura,

Picha za makopo ya vidonge vya antioksidanti, yaani vya kuzima chembe kali mwilini, nimezipata, na bei nimeiona. Eti vitauponya uti wa mgongo wa shemeji! Hawa watu hawana haya! Usinunue.

Si kwamba yote aliyosema muuzaji ni uongo, ila amekupa habari nusu. Uti wa mgongo ukipondwa, ajali yenyewe hufanya uharibifu wa kwanza. Wa pili huja saa na siku zinazofuata: damu haifiki vizuri, kalsiamu inafurika ndani ya seli, na chuma cha damu iliyovuja kinazidisha chembe kali ziitwazo radikali huru. Hizo hushambulia mafuta ya kuta za seli, na uti wa mgongo umejaa mafuta, basi ni kama kutia kiberiti kwenye makuti.

Mwili una vimeng'enya vya kupambana nazo. Superoksidi dismutazi, ambayo McCord na Fridovich waliieleza mwaka 1969, hugeuza superoksidi, mojawapo ya radikali hizo, kuwa peroksidi ya haidrojeni. Katalazi na glutathioni peroksidazi huimalizia ikawa maji. Baada ya jeraha kubwa vinazidiwa. Hata kile kinachotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu huzorota, kwa kuwa kimejishika kwenye kuta hizo hizo.

Sasa, kwa wanyama wa maabara antioksidanti zimewahi kuvilinda vimeng'enya hivyo. Lakini mnyama hupewa dawa kabla ya kuumizwa, au muda mfupi tu baadaye. Nani anajua saa ya bodaboda kuanguka? Kwa binadamu, iliyojaribiwa sana ni methilprednisoloni, kwa dozi kubwa, ikitarajiwa kuzuia mafuta hayo yasiharibike. Utafiti wa Marekani wa 1990 ulisema inasaidia kidogo ikianza ndani ya saa 8. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa huko huko ukasema isitumike. Hiyo ni sindano ya hospitali, tena mapema; seuze kidonge cha kopo, na shemeji aliumia kabla ya Ramadhani.

Mchicha, machungwa na karanga mpe, ni chakula kizuri. Hela ya makopo nunua godoro la hewa na mipira ya mkojo ya kutosha. Huku wodini, wengi ninaoona wakirudishwa wameletwa na vidonda vya kulalia au maambukizi ya mkojo. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia. Mpeane zamu na wifi, usijiue peke yako. Kagua makalio, nyonga na visigino kila siku. Ukiona doa lililokolea rangi kuliko ngozi ya pembeni, au pana joto au pagumu, asipalalie tena mpaka paishe. Na mazoezi ya viungo asiyaache hata akinuna. Najua ananuna.

Tarehe ya kliniki ya MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ikifika, mfikie kwangu. Nauli ya gari tutachangiana.

Wako,
Neema