Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Benki ya Serikali Ikiyumba, Analipa Nani?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mhazini wa chama cha akina mama wafanyabiashara sokoni Kongowea. Kila tunapojadili pa kuweka akiba, kuna neno linalomaliza ubishi: "Tuipeleke benki ya serikali, serikali haifilisiki."

Wanachama wana sababu ya kusema hivyo. Agosti 2015 ilianguka Dubai Bank, Oktoba ikafuata Imperial, na Aprili 2016 Chase. Zote zilikuwa za watu binafsi. Bima ya amana, yaani kiwango cha juu anachorudishiwa mteja benki ikianguka, wakati huo ilikuwa shilingi 100,000 kwa mteja. Leo ni 500,000, na akiba ya chama huipita upesi.

Hata hivyo, imani hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwenye amana akijua serikali italipa, haulizi benki inamkopesha nani. Meneja naye hana wa kumwogopa, isipokuwa mkubwa anayempigia simu akitaka mkopo wa rafiki yake upitishwe. Hatari inabaki palepale, ila haionekani mpaka siku deni linapofika Hazina.

Tumeyaona haya kwa National Bank, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1968. Mikopo mikubwa ilikwenda kwa watu wenye majina na mashirika ya umma, haikurudi, na mwaka 1998 wateja wakakimbilia kutoa pesa zao. Benki iliokolewa. Mwaka 2007 Hazina ikatoa hatifungani, yaani hati ya deni la serikali, ya shilingi bilioni 20 kufidia madeni ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeyadhamini. Muuza mchicha ambaye hajawahi kuingia benki ile alichangia kupitia ushuru wa sabuni yake. Kuli wa bandarini naye alikuwa na lake pale, maana NSSF, inayomwekea akiba ya uzeeni, ilikuwa mwenye hisa mkubwa.

Nisieleweke kwamba dawa ni kuuza tu. National iliuza hisa kwa umma mwaka 1994, na bado ikayumba. KCB, ambayo mizizi yake ni tawi lililofunguliwa hapa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa mali ya serikali yote kuanzia 1976 hadi hisa zilipoanza kuuzwa 1988. Leo serikali bado ina hisa humo na benki imesimama. Kwangu mimi swali kubwa ni nani anayeamua mkopo, na kama Benki Kuu ina uhuru wa kumkemea mwenye benki ambaye ni serikali.

Sasa sheria inataka mtaji wa msingi wa kila benki, yaani fedha za wenye benki wenyewe, uongezeke hadi shilingi bilioni 10 ifikapo 2029. Consolidated Bank, iliyoundwa 1989 kutokana na taasisi tisa zilizoanguka, imehangaika na mtaji kwa miaka mingi, na mwenye hisa mkubwa ni Hazina yako. Kabla hujaiongezea hata shilingi moja ya umma, tunaomba uwasilishe Bungeni orodha ya wadaiwa wake wakubwa walioshindwa kulipa, na kiasi kilichorudishwa. Na kama serikali inataka benki ikopeshe sekta fulani kwa hasara, gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti, ijadiliwe mchana kweupe.

Wako mwaminifu,
Mhazini wa chama, Kongowea, Mombasa