Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uamuzi wa Kuifuatilia Vesta

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kawaida imefanyika, hesabu zimekaguliwa na darubini zote ziko salama. Hayo mnayafahamu.

Naomba nikae zaidi kwenye uamuzi uliozua maneno: kuiacha Zohali na kutenga msimu mzima kwa Vesta, asteroidi, yaani gimba dogo la mwamba linalozunguka Jua. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ikalipitisha, na bado nalisimamia. Wapo walionung'unika kwamba wameitiwa kinukta. Zohali hurudi mahali pazuri pa kutazamwa kila baada ya siku 378 hivi. Vesta huchukua siku 504 hivi. Tungeiahirisha, tungeingoja karibu mwaka na nusu. Isitoshe, katika ukanda mkuu wote ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, hakuna asteroidi inayong'aa kuishinda. Ikitukaribia na anga likiwa giza kweli, huonekana hata kwa macho matupu.

Kinukta hicho kina kipenyo cha kilomita 525 hivi na hujizungusha kwa saa 5 na dakika 20. Upande wa kusini kuna kasoko ya Rheasilvia, yenye upana wa kilomita 500 hivi, na katikati yake mlima wa takriban kilomita 20. Chombo cha anga cha Dawn kiliizunguka kuanzia Julai 2011 hadi Septemba 2012, na vipimo vyake vikatia nguvu hoja kwamba kundi zima mojawapo la vimondo vinavyookotwa duniani lilimeguka huko. Hicho ndicho tunachoambiwa hakina maana?

Waliofika walijionea. Tuliichora ikiwa kando ya nyota mbili hafifu. Siku chache baadaye ilikuwa imezipita, nyota zenyewe ziko palepale. Anayekuja usiku mmoja akaondoka mapema hawezi kuliona hilo.

Ndiyo maana mahudhurio yananiuma. Sauti zilizokuwa kubwa mkutanoni sikuzisikia uwanjani. Ada nazo, zaidi ya nusu yetu hatujalipa, na wachache walewale ndio wanaobeba chama. Nimewakumbusha kwa barua na ana kwa ana.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuigeukia asteroidi nyingine, Pallas. Njia yake imeinama karibu nyuzi 35 ikilinganishwa na njia ya Dunia kuzunguka Jua, hivyo hutangatanga mbali na makundi ya nyota tuliyozoea, na ramani tulizonazo hazitatosha. Tutapata nyingine ada zikilipwa.

Mwenyekiti