Barua kwa mwanangu: hiyo miche usiing'oe kwanza

Shinyalu, Kakamega

Mwanangu mpendwa,

Mwambie yule kijana wa kibarua asije na jembe Jumamosi hii. Kama mlishaelewana, mlipe siku yake na umpe kazi nyingine, apange mawe au achimbe shimo la takataka, lakini ile kona ya nyuma ya jikoni na kile kipande cha kando ya ua asiviguse. Picha ulizonitumia nimezitazama asubuhi nikazirudia jioni, nikazikuza mpaka simu ikaisha chaji. Umeandika kwamba ploti yote imejaa magugu. Mimi nimeona magugu, ndiyo, lakini katikati yake nimeona miti, nimeona mboga, na kuna mche mmoja umeninyima usingizi. Huo nitaufikia.

Najua unataka kuona mahali safi. Umejenga, umehamia, na hiyo ploti ya futi hamsini kwa mia ilikaa miaka bila mwenyewe, watu wakipita, ng'ombe wakilishwa, mtu akikodisha kulima viazi. Sasa mvua imeshuka na kila kilichokuwa kimelala chini kimeamka kwa pamoja. Lakini sikiliza, mama. Mche ukinunua kitaluni, hata kwangu, umeota kwenye udongo niliouchanganya mimi, chini ya kivuli nilichokitengeneza mimi, na maji asubuhi na jioni. Kakamega tunapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Nyinyi Nakuru mnapata kama nusu yake, na huo udongo wenu wa volkano ni mwepesi, maji hayakai. Mteja akichukua mche hapa akaupeleka huko, wiki za kwanza unanyong'onyea, mwingine hauamki tena. Huo uliojiotea hapo kwako umeanzia maisha kwenye udongo huohuo, ukapigwa na upepo huohuo na baridi ya usiku ya huko. Mizizi yake imeshika mahali ilipotaka yenyewe. Kitu kama hicho siwezi kukuuzia.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kungoja majani ya kweli. Yale mawili yanayotangulia kutoka ardhini hayakwambii kitu, yanafanana kwa mimea mingi isiyohusiana hata kidogo. Angalia yanayofuata. Mche wa mukima, ule mti wa grevillea, utaujua mapema, jani lake limechanikachanika na upande wa chini ni wa rangi ya fedha. Nyanya, sugua jani, mkono utanuka nyanya. Avokado haikupi shida, ukifukua kidogo utaikuta kokwa imepasuka katikati na mche umesimama hapo. Weka kijiti kando ya kila kimoja usichokijua, mjukuu wangu asikikanyage akicheza mpira, halafu ngoja.

Mboga ndiyo rahisi. Kile kichaka kifupi karibu na bomba ni managu, na zile ndefu zenye majani matano matano ni saga, hata kwenye picha nimezijua. Chuma ule, lakini acha mimea michache ikomae. Saga vitumba vyake vikikauka vinapasuka vyenyewe na kumwaga mbegu, na mvua ijayo hutakuwa na haja ya kununua kitu sokoni. Ila usimtume mtoto kuchuma. Kuna mmea unapenda kuota palepale kwenye udongo uliovurugwa, ukiwa mdogo mtu mwenye haraka anaweza kuuchanganya na managu: majani yake yana meno makubwa ukingoni na harufu mbaya ukiyasugua, na ukikua hutoa maua meupe marefu, kisha tunda la miiba. Huo ni sumu, kuanzia jani mpaka mbegu. Ng'oa wote, osha mikono.

Viazi navyo usivihurumie. Hilo litakushangaza, maana ni chakula, na kung'oa kiazi kinachochipuka kunamuuma mtu yeyote aliyelelewa na nyanya yako. Lakini viazi vilivyobaki ardhini kutoka kwa yule aliyekodi ndivyo vinavyohifadhi mnyauko wa bakteria kutoka msimu hadi msimu. Ukiona shina limelegea mchana ingawa udongo una maji, likate karibu na chini, ulisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe unashuka kutoka pale ulipokata, unateremka polepole mpaka maji yanageuka rangi ya maziwa, ni mnyauko. Ugonjwa huo huo unashika nyanya, pilipili na biringanya, na managu pia, kwa hiyo pale palipokuwa na viazi panda mahindi au maharagwe kwanza. Mabaki usiyatupe kwenye mbolea. Yachome.

Ule mche wa ukutani, juu ya paipu ya kuogea, ni mugumo, mtini wa porini. Ndege amekula tunda akajisaidia kwenye ufa. Sasa hivi una majani matatu na mzizi mwembamba, lakini ukiuacha utapasua ukuta, mugumo hauna huruma na simiti. Ila usiukate tu ukautupa. Kwetu chini ya mti wa jamii hiyo ndipo wazee walikuwa wakikaa kusikiliza mashauri, na kwa majirani zako Wakikuyu ni mti mtakatifu, hawataupita wakiwa wameuona umetupwa jaani. Unahamishika vizuri. Mimina maji kwenye ufa, ungoje, uuvute taratibu na mzizi wake, uuweke kwenye mkebe uliotobolewa chini. Shule au kanisa lenye uwanja mkubwa litafurahi kuupokea.

Mipapai kando ya tangi iache yote mpaka ichanue. Miezi sita, minane, kwa baridi ya huko pengine zaidi. Kabla ya ua hakuna mtu anayeweza kukuambia kama mpapai ni dume au jike, na anayesema anajua kwa kuangalia mzizi anakisia. Dume hutoa maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, jike ua lake ni nene, limeshikana na shina. Majike kumi hivi yanatosheka na dume mmoja. Madume yanayozidi uyakate wakati huo, si sasa. Na usijaribu kuhamisha mpapai uliopita urefu wa kiganja, haupendi kuguswa mizizi.

Sasa avokado. Umesema mume wako anataka kung'oa ile ya karibu na shimo la maji taka kwa sababu avokado ya mbegu haizai kitu cha maana. Kuhusu mahali amesema kweli, mizizi itaingia kwenye shimo. Kuhusu kuzaa, ni kweli kwamba mtoto wa avokado hafanani na mama yake. Ukipanda kokwa ya avokado tamu hujui utapata nini, na utangoja miaka mitano, saba au zaidi kujua. Mengi huzaa tunda la kawaida, mengine lenye nyuzi. Lakini msomee hii.

Kule California, Marekani, miaka ya 1920, tarishi wa posta aliyeitwa Rudolph Hass alipanda kokwa za avokado akitafuta mashina ya kuunganishia, yaani kukata shina la mche na kufunga juu yake kijiti cha mti mwingine ili vishikane. Kijiti alichotaka ni cha aina ya Fuerte, iliyokuwa ikisifiwa zaidi siku hizo. Mche mmoja ukakataa. Kila walipouunganisha, kijiti kilikufa. Akataka kuukata. Fundi aliyekuwa akimfanyia kazi hiyo akamwambia mche una nguvu, uache uone. Ukazaa tunda la ngozi ngumu ya vipele, linalogeuka jeusi likiiva, na watu wakalipenda. Mwaka 1935 akapata hataza yake. Kila mti wa Hass duniani, pamoja na hiyo iliyojaa Murang'a na inayopanda sasa huku kwetu magharibi, umetokana na vijiti vya mti ule mmoja. Wenyewe uliishi mpaka 2002.

Simwambii kwamba yenu itakuwa Hass nyingine. Ninachomwambia ni kwamba ule mche una kazi hata kama tunda lake halitakuwa zuri. Shina la avokado lililotokana na kokwa ndilo tunalolitumia sisi wa vitalu. Uhamishe, ukifika unene wa penseli nitakuja na kijiti cha Hass na wembe, niunganishe mwenyewe mbele yake.

Kuuhamisha fanya hivi. Mwagia maji jioni. Kesho yake jua likielekea kuzama, chimba kwa panga kwa kuzunguka, mbali na shina kiasi cha kiganja, ushuke chini kuliko unavyofikiri, maana mzizi mkuu wa avokado umeshateremka. Usivute shina hata mara moja. Inua pamoja na udongo wake, kokwa ikiwa bado imeshikana uiache hapo hapo, mche bado unakula kutoka kwayo. Weka kwenye pakiti kubwa ya unga iliyotobolewa, au ndoo iliyopasuka, chini ya kivuli, wiki mbili tatu. Majani yakilegea siku mbili za kwanza usiogope na usiuloweshe kwa hofu, avokado hufa kwa maji mengi kuliko kiu.

Haya. Ule mche mmoja.

Uko kwenye picha ya nne, nyuma ya matofali, kando ya ua, pale ambapo mwembe wa jirani umeweka kivuli. Una majani kama manane, yanang'aa, ukingo wake una meno madogo ya mviringo, na kama macho yangu hayanidanganyi vikonyo vya majani ni vyekundu. Mama, nadhani huo ni mwiritsa. Huko majirani zako wanauita muiri.

Unaujua mwiritsa. Ule mkubwa wenye gome jeusi lililopasukapasuka, kwenye njia ya kuingia msituni, ambapo nyani walikuwa wakituangushia matunda. Babu yako alichemsha gome lake. Nchi za Ulaya nazo zikaligundua, wakatengeneza dawa ya wanaume waliovimba tezi dume, na gome likaanza kusafirishwa kutoka Afrika kwa tani. Watu wakachuna miti kuzunguka pande zote, na mti uliochunwa hivyo hukauka ukiwa umesimama. Mwaka 1995 ukaingizwa kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ile Orodha ya 2, kwamba biashara yake idhibitiwe. Hata sasa, ukitembea msitu wa Kakamega, ile mikubwa haiko mingi.

Na mbegu yake ndiyo inayotuponza sisi wa vitalu. Haikubali kuwekwa. Mahindi unayatia kwenye gunia mpaka msimu ujao. Mbegu ya mwiritsa ikikauka imekufa, una wiki chache tu toka tunda kuiva. Ndiyo maana tukitaka miche tunaomba ruhusa kwa wenye msitu, tunaenda chini ya mama yake baada ya mvua, tunainua ile iliyojiotea wakati bado ni midogo. Ndege na nyani wametusaidia kupanda kuliko sisi wenyewe. Sasa mmoja umekuja mpaka Nakuru, mpaka kwenye ploti yako, bila ruhusa ya mtu na bila shilingi. Kuna miiri kwenye misitu ya Mau, kwa hiyo ndege hakuhitaji kutoka mbali.

Nataka uuthibitishe. Kata jani moja, moja tu, la chini. Lisuguesugue kwenye kiganja mpaka litoe maji, unuse mara moja. Harufu ya lozi chungu, kali kidogo, inapanda puani. Ukiipata, ni wenyewe. Nawa mikono, na usimpe mbuzi wala mtoto jani hilo. Kama hakuna harufu, nipigie picha ya jani upande wa juu na wa chini, karibu, mchana, bila kivuli cha simu.

Ukiwa ni wenyewe usiuhamishe. Mahali ulipo panafaa, kivuli cha mwembe kitaulinda ukiwa mdogo, na kutoka hapo mpaka kwenye msingi wa nyumba ni mbali kwa jinsi nilivyoona. Zungushia vijiti vinne na waya, mbuzi wa jirani wanaupenda. Ondoa nyasi kwa mkono, si kwa jembe, uzungushe majani makavu lakini yasiguse shina. Kiangazi cha mwaka huu umwagilie jioni mara mbili kwa wiki, kiangazi kijacho mara moja. Baada ya hapo utajitunza.

Nitakuja mwezi wa nane shule zikifungwa. Nitaleta kile kijiti cha Hass na wembe wangu, na mkwe wangu asiende kazini siku hiyo. Msalimie, na mjukuu wangu mwambie babu ameuliza kuhusu meno yake.

Baba yako