Mashairi ya wimbo si lazima yaanzie kwenye karatasi

Mhariri, naomba nafasi kidogo, maana kila anayeongelea mashairi ya nyimbo anasema ujumbe uje kwanza halafu ndo melodi, mimi nakataa kabisa. Mcheki Justin Vernon, yule mwimbaji Mmarekani wa kundi la Bon Iver. Bendi yake ya kabla ya hapo, DeYarmond Edison, ilivunjika 2006 wakiwa North Carolina, akarudi kwao Wisconsin akajifungia kwenye kibanda cha baba yake msimu wa baridi, na humo akarekodi peke yake karibu albamu nzima ya kwanza ya Bon Iver. Sasa alivyokuwa anatunga ndo panaponivutia: anaimba kwanza sauti tupu zisizo na maneno, anarekodi sauti juu ya sauti mara kibao, halafu anasikiliza tena na tena mpaka zile silabi zimwonyeshe maneno gani yakae pale. Ndo maana mistari yake mingine ukiisoma huielewi lakini ukiisikia inakuchoma.

Albamu hiyo aliitoa mwenyewe 2007, lebo (kampuni ya kurekodi) ikaichukua 2008, tuzo ya muziki ya Grammy ya msanii mpya bora ikaja 2012. Angeweza kubaki na gitaa lake tu. Lakini 2016 akaja na albamu yenye sauti zilizokatwakatwa na mitambo, majina ya nyimbo yamejaa namba, na mimi naona ni mtu yuleyule, bado anafuata sauti kwanza.

Kwa hiyo wachambuzi wenu wa burudani, naomba sana, msiishie kunakili mashairi, tuambieni pia neno limeimbwaje na pumzi inakatikia wapi.