Mikoa inayolisha nchi na uchovu usioulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uchovu, kwa sababu huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mtu akilalamika kwamba anachoka mapema huambiwa ni mvivu, au umri umemtupa mkono, au kuna mtu kamfanyia jambo, na ni nadra kuulizwa amekuwa akila nini.

Mahindi ya Iringa, Njombe, Mbeya na Rukwa yanalisha watu hadi Dar es Salaam na nje ya mipaka. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano ukiwa takriban asilimia 57 mkoani Iringa na asilimia 50 mkoani Njombe, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Na kwa nchi nzima, takriban wanawake wanne katika kila kumi wenye umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu. Udumavu wa mtoto tunausikia katika kila mkutano. Uchovu wa mama anayembeba mtoto huyo mgongoni huku akipalilia hausemwi.

Damu hubeba oksijeni kwa himoglobini, protini iliyomo katika chembe nyekundu za damu, nayo himoglobini haitengenezwi bila madini ya chuma. Madini hayo yakipungua, misuli na ubongo hupata oksijeni pungufu, ndipo mtu anapanda kilima kifupi akihema na moyo ukimwenda mbio, ingawa ameshiba ugali. Tena ugali wenyewe ni wa sembe: kiini na pumba, ambamo ndimo hukaa sehemu kubwa ya madini na vitamini B zinazousaidia mwili kugeuza wanga kuwa nguvu, vimeachwa mashineni vikalishwe mifugo. (Si ajabu nguruwe wetu wananawiri.) Dona ni bora zaidi, mradi mahindi yawe yamekaushwa vizuri yasiingie sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu.

Linaloniuma zaidi ni chai. Siipingi, maana Mufindi, Njombe na Rungwe zina familia nyingi zinazoishi kwa zao hilo, nami ninainywa. Lakini desturi ya kushushia maharage na mboga za majani kwa kikombe cha chai ya rangi iliyokolea hutunyang'anya kile tulichokula, kwa kuwa tanini, kile kinachoipa chai ukakasi, hushikamana na madini ya chuma yatokayo kwenye mimea na kuyazuia yasifyonzwe tumboni. Chai ingoje saa moja au mbili. Palipokuwa na kikombe pawe na pera au chungwa, au limau likamuliwe juu ya mboga, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume cha tanini. Dagaa nao, hata wakiwa wachache, wana chuma kinachofyonzwa kwa urahisi na husaidia kile cha maharage kiingie mwilini. Wanapatikana karibu kila gulio, ilhali mayai ya nyumbani tunayauza ili tununue soda.

Vijana, hasa wa bodaboda, wamekimbilia vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini iliyomo ndani yake huficha uchovu kwa saa kadhaa. Haijazi kilichopungua kwenye damu, na ikinywewa jioni huharibu usingizi, hivyo kesho yake chupa huongezwa.

Sisemi kwamba kila uchovu unatoka jikoni. Malaria, kifua kikuu, kisukari na minyoo ya safura inayonyonya damu huchosha vilevile, kwa hiyo anayechoka kwa wiki kadhaa aende kituo cha afya apimwe wingi wa damu kabla ya kujinunulia vidonge dukani.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi zinataka unga wa mahindi uongezwe virutubishi, chuma kikiwemo, lakini familia nyingi za vijijini husaga mahindi yao wenyewe kwenye mashine ya jirani ambako hakiongezwi chochote. Halmashauri zetu zitenge fedha za kuzifungia mashine hizo vifaa vya kuchanganyia virutubishi, na wenye mashine wafundishwe kuvitumia, wakianzia Iringa na Njombe ambako takwimu ni mbaya zaidi.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa