Usinitumie tena dawa ya kuchua

Tanga, Chumbageni

Mwanangu Salimu,

Asalaam aleikum. Kifurushi chako nimekipokea juzi kwa konda wa basi: mirija minne ya dawa ya kuchua na paketi za diklofenaki, vidonge vya maumivu na uvimbe. Nilifurahi, kisha nikasikitika, maana ile ni hela yako ya chakula na hakuna hata kidonge kimoja mle kinachofika pale ninapoumia.

Maumivu yangu hayatoki kwenye nyama wala kwenye goti. Huu ugonjwa wangu, maltipo sklerosisi, ni kinga ya mwili kuligeukia lile ganda la mishipa ya fahamu, ubongoni na kwenye uti wa mgongo. Ganda likibanduka, habari zinafika zimepotoka. Basi usiku mguu unaniambia unaungua, ukiugusa ni baridi kama samaki wa barafu. Sasa diklofenaki itatuliza nini, wakati hapo hapajavimba? Kinachonisaidia ni amitriptilini, kipimo kidogo kabla ya kulala. Kijana wa duka la dawa alishtuka, akaniuliza kama nina sonona. Nikamwambia dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili, kama kanga: ni ya sonona, na hutuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu. Asubuhi mdomo umekauka na kichwa kizito, lakini nimelala.

Kukakamaa ni jambo jingine. Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa chini ya cherehani yangu ukiangalia pedali? Siku hizi nikiweka ncha ya mguu wa kushoto sakafuni, kisigino kinaanza kudunda chenyewe, tatata, kama kinashona na cherehani haipo. Dadako alicheka mara ya kwanza, kisha akalia. Kwa hilo natumia baklofeni. Tulianza na miligramu 5 mara tatu kwa siku, tukapanda taratibu. Kuna wakati ilizidi, miguu ikawa laini kama uji nikashindwa kusimama, kumbe ule ukakamavu ninaoulalamikia ndio ulionishikilia wima! Daktari akapunguza.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mwaka jana baklofeni iliniishia, nikaona bora ilipwe ada ya dadako kwanza. Siku ya tatu miguu ilikaza ikajifunga kama mkasi, na nikaona watu dirishani ambao hawakuwepo. Dawa hiyo haikatwi ghafla, mtu anaweza hata kupata degedege. Kama unataka kunitumia kitu, tuma hela ya baklofeni kabla paketi haijaisha.

Na ukisikia miguu imezidi kukaza, usikimbilie kudhani ugonjwa umepanda. Mara ya mwisho ilikuwa maambukizi ya mkojo tu. Yalipotibiwa, miguu ikalegea. Hata choo kigumu kinafanya hivyo, au kiatu kinachobana. Mwili unapeleka malalamiko yake miguuni, sijui kwa nini usilalamike penye kosa.

Shangazi yako naye, kwa nia njema, alinipeleka kwenye maji moto ya Amboni, yale yanayonuka kibiriti. Dakika kumi tu, nikatoka nimelegea kama dekio, macho yana ukungu, dereva wa bajaji akanibeba. Joto linazidi kuzikwamisha habari kwenye mishipa iliyobanduka ganda. Nilipopoa vizuri nikarudi kama kawaida, ila Amboni siendi tena. Kiangazi hiki cha Tanga chenyewe kinanitosha: naoga maji ya baridi mchana, na kazi nyingi nazimaliza asubuhi mapema.

Baada ya swala ya alfajiri nakaa mkekani, nazungusha kanga kwenye unyayo, navuta polepole mpaka nyama ya nyuma ya mguu inyooke, natulia hapo bila kuvutavuta. Ukija Idi utaniona. Na mguu ukikaza mbele yako, usiulazimishe kunyooka, utazidi kupigana nawe. Kiganja kimoja chini ya goti, kingine kwenye kisigino, unaukunja taratibu na kusubiri. Dadako anajua, akuoneshe.

Mirija ya kuchua nimempa jirani mwenye goti. Nitumie kipimo cha kanzu yako mwezi haujaandama. Bado nashona, ila pedali ni ya mguu wa kulia peke yake.

Mamako