Mboya hakuuawa Tom Mboya Street

Mhariri,

Taarifa yenu ya kumkumbuka Tom Mboya, waziri wetu aliyeuawa 1969, imenichosha: eti alizaliwa Rusinga, eti Kennedy ndiye aliyelipia ndege ya kwanza ya wanafunzi, eti aliuawa Tom Mboya Street. Mengine huwa nasoma, nakunja gazeti, nanyamaza. Ila makosa yote haya katika ukurasa mmoja?

Kwanza, kisiwa cha Rusinga ni kwao na ndiko alikozikwa, lakini hakuzaliwa huko. Alizaliwa Agosti 1930 Kilima Mbogo, upande wa Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa nyapara.

Pili, hiyo ndege ya kupeleka vijana wetu kusoma Marekani. Ndege ya kwanza ya wanafunzi iliondoka Septemba 1959 ikiwa na vijana 81, na John Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, hakuilipia. Nauli ilitokana na michango ya Wamarekani, baada ya barua ya maombi iliyotiwa saini na Wamarekani mashuhuri Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Kennedy aliingia 1960, Mboya alipomfuata Hyannis Port mwezi Julai, Kennedy akiwa bado seneta. Hapo ndipo wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Tena mwandishi wenu akampandisha Obama, babake Barack Obama aliyekuja kuwa rais wa Marekani, kwenye ndege hiyo! Hakuwamo. Alikwenda Hawaii kivyake. Na shida yenyewe hamkuigusa: vijana wengi walikuwa tayari na nafasi chuoni na hata ufadhili wa karo, wakakwama kwa nauli. Mboya alikodi ndege kwa sababu hiyo, wala hakuwa akitafuta picha.

Tatu, alipigwa risasi Jumamosi mchana, 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa la Chaani, Government Road, yaani Moi Avenue ya leo. Tom Mboya Street ilikuwa ikiitwa Victoria Street. Majuzi nilimsikia mtu mzima pale kwenye sanamu ya Mboya akiwaelekeza watoto wa shule barabara isiyo yenyewe, kwa kujiamini kabisa. Bila shaka ni msomaji wenu.

Sishangai sana, maana mjini humu vibao vya majina ya barabara, vile ambavyo havijang'olewa, vimebandikwa matangazo ya waganga na mikesha ya injili. Mgeni anaelekezwa kwa stendi za matatu tu.

Mpeni mwandishi wenu kalamu aandike kwa mkono: 1930, 1957 alipoingia bungeni kwa kura za Nairobi, 1958 alipoongoza mkutano wa watu wa Afrika yote huko Accra, 1959, 1960, 1969. Karatasi aibandike kwenye kompyuta yake kwa gundi ya mbao, isitoke kabla ya Julai ijayo.

Msomaji wenu,
Nairobi